Figo hutumia oksijeni kwa kazi gani?

Wengi hudhani kwamba figo hutumia nguvu nyingi kutoa uchafu katika damu, kumbe hatua hiyo ya kuchuja huigharimu kidogo sana. Moyo ndio unaolipa: presha ya damu hupenyeza maji, chumvi, sukari na urea (taka itokanayo na protini) katika vichujio vidogo, huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki ndani ya mishipa. Gharama ya figo yenyewe iko katika kurudisha vilivyo vyema.

Kwa siku moja figo zote mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180. Hapa Goma, ambako maji ya Ziwa Kivu hupandishwa mtaani kwa bidoni za lita 20, hizo ni bidoni tisa, nazo zina karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Mkojo wa siku kwa kawaida haufiki lita mbili; karibu vyote vingine vimekwisha kurudi katika damu.

Kazi hiyo hufanywa na seli za mirija ya figo, kwa pampu ambayo Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kwa kila molekuli moja ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli, pampu hutoa nje ya seli sodiamu tatu, sodiamu ikiwa sehemu ya chumvi, na kuingiza potasiamu mbili. Sodiamu inapopungua humo, nyingine huingia kutoka kwenye mrija ikiivuta sukari pamoja nayo, na maji hufuata. ATP hiyo hutengenezwa hasa katika mitokondria, viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kwa oksijeni, na ndiyo maana figo, ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa mwili, hutumia kati ya asilimia 7 na 10 ya oksijeni yake yote.

Ajabu ni kwamba figo hupokea karibu lita moja ya damu kila dakika, lakini sehemu yake ya ndani huishi karibu na njaa ya oksijeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya damu hiyo huishia kwenye tabaka la nje, penye vichujio. Kwa hiyo mgonjwa wa kipindupindu, ugonjwa ambao Goma inaujua vizuri, anapopoteza maji mengi na presha yake kushuka, seli za mirija huwa miongoni mwa zile zinazoumia mapema, na mkojo kupungua sana huwa ishara ya hatari hiyo.