Siku mbili peke yako Mombasa: anza na ukuta

Ukija Mombasa peke yako kwa siku mbili, usianzie Fort Jesus. Mabasi ya watalii huanzia pale, na ngome yenyewe nitaifikia kwa sababu nina mengi ya kusema juu yake. Lakini kwanza jicho lizoee, na mahali pa kulizoeza ni vichochoro vya Mji wa Kale asubuhi mapema, jua likiwa bado chini na mwanga ukiwa unapita ubavuni mwa kuta. Mwanga wa pembeni huonyesha kila kovu. Wa saa sita mchana huficha yote.

Mimi ni mwashi. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe kwa chokaa, kwa hiyo nikiwaambia watu waje peke yao, nasema kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Kundi huenda kwa mwendo wa kiongozi wake: picha hapa, maelezo pale, twende. Ukuta haujulikani kwa mwendo huo. Unataka mtu asimame, aweke kiganja, arudi nyuma hatua mbili, aangalie tena, na asiwepo mtu wa kumwambia amechelewa.

Mji huu wenyewe ulikuwa na ukuta. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, alipopita mwaka 1331 misikiti aliyoieleza ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Kufikia mwaka 1505, Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, alipokuja kuuteka na kuuchoma, Wareno walikuta mji wa mawe ulio wazi upande wa bahari na wenye ukuta upande wa bara. Ukuta ule hauko tena. Kilichobaki ni ngome, na mpango wa mitaa iliyobanana, nyumba zikiegemeana ubavu kwa ubavu, vichochoro vikiwa vyembamba kiasi cha kushika kivuli karibu siku nzima.

Ingia kwa mtaa wa Ndia Kuu. Kabla ya yote kula: mahamri na mbaazi za nazi, halafu kikombe cha kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la muuza kahawa. Ukimpita mzee barazani, msalimie kwanza. "Sabalkheri, ami." Atakujibu "Akheri, mwanangu," na mara nyingi atafuatiliza, "Watafuta nyumba ya nani?" Usiseme unatembea tu. Mwambie umekuja kutazama majengo. Mara nyingi swali la pili litakuwa umeshaona mlango fulani au kisima fulani, na hapo umepata mwenyeji. Asiyesalimia hupita mtaani na kamera yake, akatoka upande wa pili bila kuambiwa neno.

Sasa ukuta. Tafuta nyumba ambayo plasta imebanduka, wala hutatafuta sana. Ndani utaona mawe yasiyo na umbo maalumu, makubwa na madogo, yamelazwa kwenye chokaa na mchanga. Ni mawe ya matumbawe. Yale magumu ya kijivu yalichimbwa ardhini, maana kisiwa kizima cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Yale mepesi, meupe, yenye vitundu vidogo vilivyopangika, yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi. Jiwe hilo likiwa na maji huchongeka kwa urahisi, likikauka hukaza. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliliweka kwenye mihirabu, vidaka na miimo ya milango, mahali palipohitaji nakshi, na jiwe gumu wakalibakisha kwa kubeba uzito.

Inua macho kwenye dari. Boriti ni mikoko, na boriti ya mkoko haibebi sakafu ya mawe kwa upana mkubwa. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale vina upana wa mita 3 hivi au chini yake, hata katika nyumba ya tajiri. Tajiri aliongeza urefu wa chumba na wingi wa vyumba. Ukikaribishwa ndani, pima kwa hatua zako. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto, ambalo hupigwa na kupigwa kwa mbao hadi likaze.

Chokaa chenyewe ni jiwe lile lile la matumbawe lililochomwa. Tanuri la magogo hulipa moto wa nyuzi 900 hivi, jiwe likapoteza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Kisha hutiwa maji, likachemka lenyewe bila moto, likawa unga au uji. Fundi akishalipaka ukutani, huanza kuivuta ile hewa ya kaboni tena kutoka angani, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, mpaka liwe jiwe tena. Kila nikiifanya kazi hii bado huniajabisha: ukuta wa chokaa ni jiwe lililopikwa, likalainishwa, likarudi kuwa jiwe.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na maji ya kisiwani yana chumvi. Chokaa huyaacha yapumue: unyevu hutoka nje, chumvi ikabaki juu ya plasta, na baada ya miaka plasta huchakaa na kubadilishwa. Plasta imejitoa mhanga, jiwe limepona. Ukipaka simiti, njia ya hewa imezibwa. Maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi hugandia nyuma ya simiti, ikakua fuwele, ikasukuma. Nje utaona ukuta safi, umenyooka, wenyewe wamefurahi. Kuna nyumba moja ambayo sitaitaja, wenyewe waliipaka simiti kwa nia njema kabisa. Nilipoitwa kuibandua, jiwe lililokuwa nyuma lilimwagika mikononi mwangu kama sukari. Ukuta uliosimama vizazi kadhaa ulikuwa umeliwa kutoka ndani na kitu kilichowekwa kuulinda.

Unaweza kuyatambua haya mwenyewe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: palipoachana na jiwe panalia tupu. Tazama mstari wa unyevu: kwenye ukuta wa chokaa mara nyingi huishia karibu na magoti, kwenye ule wa simiti huweza kufika kifuani na kuzidi. Pitisha kiganja: chokaa hukuachia vumbi jeupe na ni baridi, simiti inakwaruza. Ukishafanya hivyo kwenye nyumba nne tano, hutatembea tena katika mji wa mawe kama ulivyokuwa ukitembea.

Kuhusu roshani za mbao na milango ya nakshi, utaziona tu, zimepigwa picha za kutosha. Nyingi ni za karne ya 19, na mkono wa mafundi wa Kihindi uko wazi kabisa kwenye maua yake. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake mnene chini na mwembamba juu, utazame kwa nje kama si wakati wa swala. Ukitaka kuingia, muulize aliye mlangoni.

Ngomeni nenda mchana wa siku ya kwanza, jicho likiwa limeiva. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan aliyesimamia ngome zao upande huu wa dunia. Tangu 2011 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini kabla ya kuingia, simama nje upande wa bara, ukiwa kati ya buruji mbili, yaani zile pembe za ngome zilizochomoza nje, San Felipe na San Alberto. Angalia jinsi kila moja ilivyokatwa kwa ndani, kona ikiitazama kona ya mwenzake. Askari aliyejificha katika kona ile aliweza kupiga risasi sambamba na ukuta mkubwa, na adui aliyefika chini ya ukuta hakuwa na mahali pa kuegemea pasipofikiwa. Hapo ndipo penye akili yote ya ngome. Unene wa ukuta ni kitu cha pili. Kisha tazama handaki: halikujengwa, limechongwa ndani ya mwamba, na sehemu za chini za kuta ni mwamba wenyewe uliokatwa wima. Sogea karibu utafute mahali mwamba unapokwisha na mawe yaliyopangwa yanapoanza. Panafichika vizuri.

Hata hivyo ramani nzuri haikuwaokoa. Mwaka 1631 ngome haikuvunjwa kutoka nje. Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno Goa, India, na kubatizwa Jerónimo Chingulia, aliingia kama rafiki na kumwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wareno waliokuja mwaka uliofuata kuirudisha walishindwa na wakaondoka, naye Yusuf akaiacha na kwenda zake baharini. Juu ya lango kuna maandishi ya jiwe ya 1635 ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifia ukarabati na ushindi wake pwani yote. Wengi hupita chini yake bila kuinua kichwa.

Kisha Waomani wakaizingira ngome, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Waliokufa ndani wengi waliuawa na maradhi. Ilifika wakati Wareno wenyewe walikuwa karibu wamekwisha, na aliyeshika uongozi wa ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake. Nataka msomaji akae na jambo hili anapotembea ndani: historia ya ngome hii husimuliwa kama ugomvi wa Wareno na Waarabu, na Waswahili huwekwa nje ya ukuta wakitazama. Walikuwa ndani, na walikuwa nje pia, kila mji na hesabu yake. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa huko. Ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo kwenye makumbusho.

Usiikose Nyumba ya Waomani juu ya buruji ya San Felipe, wala michoro ya ukutani ya askari wa Kireno, ya merikebu, samaki na watu, iliyochorwa na watu waliokuwa mbali na kwao. Waingereza waliifanya ngome jela tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Njoo na kitambulisho, kwa sababu raia na wakazi wa Afrika Mashariki wana bei yao.

Siku ya pili ipange kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3. Teremka upande wa bahari wa ngome wakati huo, ufuate ukuta mpya wa bahari uliojengwa miaka ya karibuni kuzuia mawimbi yasiule mwamba. Pale utaona kilichobeba ngome yote, mwamba umetobolewa na kulika kwa chini. Kisha rudi kwa Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kuondoka na upepo wa kusi. Leo shughuli ni chache. Umalizie soko la Marikiti kwa viungo.

Kwa anayetembea peke yake, mji huu ni wa watu, na wanakuona. Hilo ni ulinzi zaidi kuliko tishio. Mwanamke akivaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na leso mkobani, atapita kwa raha, na akina mama wa barazani watamwelekeza wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au mlango ulio wazi. Ijumaa kuanzia saa sita mchana mitaa hujaa waendao swala, kwa hiyo weka ngome wakati huo. Mwezi wa Ramadhani mchana ni vigumu kupata pa kula, lakini jioni yake hakuna mfano. Magharibi panda tuktuk hadi Mama Ngina, ufukweni, ule mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu ukitazama meli zikiingia Kilindini. Vichochoro visivyo na taa usiviingie usiku kama huvijui.

Na kama umekuja kwa sababu familia yako ina nyumba ya mawe hapa, au Lamu, au Unguja, usimruhusu fundi afungue mfuko wa simiti kabla hajabandua plasta ya zamani na kukuonyesha jiwe. Mchanganyiko wa kuanzia ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe wa mtoni, na kama ni wa pwani uoshwe mpaka maji yake yasiwe na ladha ya chumvi. Paka tabaka nyembamba, uiache ishike kabla ya kuongeza nyingine. Funika ukuta kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa, hasa wakati wa kaskazi, kwa sababu plasta ya chokaa ikikaushwa na jua upesi hupasuka.