Rafiki Yako Akiambiwa Ana Saratani ya Kongosho

Daktari akiwa na habari mbaya huita ndugu. Ataitwa mke, ataitwa kaka mkubwa, hata shemeji aliyeshuka kwenye basi jana usiku ataitwa. Rafiki wa miaka thelathini hubaki kwenye benchi la nje na mfuko wake wa machungwa, akisubiri mtu atoke amsimulie kilichosemwa. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na mengi ya maswali haya nimeulizwa kwenye benchi hilo.

Mwaka mzima alitibiwa vidonda vya tumbo. Mbona hawakuiona mapema?

Kongosho, tezi inayosaidia kusaga chakula na kudhibiti sukari mwilini, limejificha. Liko nyuma ya tumbo la chakula, limeegemea karibu na uti wa mgongo, na daktari hawezi kulipapasa. Ultrasaundi nayo mara nyingi huzuiwa na gesi ya tumboni. Uvimbe ukiota kwenye kichwa cha kongosho, mgonjwa ana bahati kidogo, kwa sababu hubana mfereji wa nyongo na mwili ukapiga kelele: macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, ngozi kuwasha usiku kucha. Ukiota mkiani hauna cha kubana. Unakua kimya mpaka ufike kwenye ini.

Dalili nyingine zina wenyewe wengi: maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kukonda, kukosa hamu ya kula, kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nacho. Daktari anayeona wagonjwa sitini kwa siku ataanza na vidonda, maana wenye vidonda ndio wengi. Hata kwenye nchi zenye mashine za kila aina, wagonjwa takriban 80 kati ya 100 hugundulika wakati upasuaji wa kuondoa uvimbe hauwezekani tena. Hakuna kipimo cha kupima watu wote mapema kama kilivyopo cha mlango wa kizazi. Nasema hivi kwa sababu marafiki hukesha wakijilaumu: "Ningemburuta hospitali mwezi wa tatu." Huenda mwezi wa tatu wangempa dawa zile zile za vidonda.

Daktari amesema miezi sita. Anajuaje?

Hajui. Anachojua ni foleni. Wapange wagonjwa mia moja wenye hali kama ya rafiki yako kwa jinsi walivyoishi, kuanzia wa siku chache hadi wa muda mrefu. Yule anayesimama katikati ndiye "miezi sita". Nusu walitangulia, nusu walibaki, na wachache walibaki muda mrefu. Hakuna anayeweza kukuambia rafiki yako amesimama wapi kwenye mstari huo.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na namba, basi afadhali uzisikie zikiwa na maelezo. Marekani, wagonjwa takriban 13 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika, ukiwajumlisha waliofanyiwa upasuaji mapema. Kwa ambao imeshasambaa, ni kama 3. Utafiti wa Ufaransa uliotangazwa mwaka 2011 ulichanganya dawa nne za kemo, yaani dawa kali za kupambana na saratani, na mgonjwa wa katikati ya foleni akafika miezi 11 badala ya karibu 7. Lakini walioingizwa kwenye utafiti ule walikuwa bado wana nguvu zao. Mtu anayelala kitandani zaidi ya nusu ya mchana, kemo kali inaweza kumnyang'anya hata zile siku nzuri alizobakiwa nazo.

Kuna kanuni ya zamani ya watu wa tiba shufaa ambayo mimi naiamini kuliko namba. Angalia hali inabadilika kwa kasi gani. Kama tofauti unaiona mwezi hadi mwezi, fikiria miezi. Kama wiki hii si kama ile iliyopita, fikiria wiki. Ukianza kuona tofauti ya leo na jana, usisubiri mwisho wa mwezi kumsafirisha mwanawe aliye mbali.

Steve Jobs, yule mwanzilishi wa Apple, alikuwa na saratani hiyo hiyo na aliishi miaka minane!

Alikuwa na saratani ya kongosho, ndiyo, ila si hii. Yake, iliyogunduliwa 2003, ilianzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, na hiyo hutambaa polepole. Ya kawaida huanzia kwenye mifereji ya kongosho na ina haraka. Faida ya swali lako ni moja: ulizeni kama kinyama kilichukuliwa na kupimwa maabara, na majibu yalisema ni aina gani.

Kaka zake wamekubaliana asiambiwe. Wanamwambia ni vidonda. Juzi tukiwa wawili akaniuliza, "Wewe hujawahi kunificha kitu. Nina nini?" Nikatoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Wengi wametoka kupokea simu hiyo, wauguzi tukiwemo.

Habari ni yake, kwa sababu mwili ni wake. Hata hivyo kazi ya kumfungulia jalada si yako, na ukifanya hivyo peke yako chumbani unaweza kufukuzwa nyumbani kwake wakati anapokuhitaji zaidi. Kati ya kusema kila kitu na kukimbia ipo nafasi. Ukiulizwa tena, kaa chini, umrudishie swali: "Wewe unafikiri ni nini?" Halafu unyamaze. Utashangaa. Amekaa kwenye foleni ya kliniki ya saratani, amesoma kibao mlangoni, ameona wenzake wasio na nywele. Mara nyingi mgonjwa anajua na anawaficha ndugu kwamba anajua, ndugu wanajua na wanamficha yeye, nyumba nzima inacheza maigizo huku mtu mmoja akiumia.

Kama hayuko tayari kusema, mwambie: "Mimi sitakudanganya. Daktari ndiye anayejua vizuri kuliko mimi. Nimwite, nami nitakaa hapa hapa." Hapo hujawavunjia heshima kaka zake, wala yeye hujamtupa.

Kisha waone hao kaka. Usiwagombeze, wanaogopa atakata tamaa. Waulize mambo ya kawaida. Hati ya kiwanja iko wapi? Nani anamdai, naye anamdai nani? Yule mtoto wa nje atatambulishwa lini? Mtu anayeambiwa ana vidonda hawezi kuyapanga haya, kwa sababu anangoja kupona kwanza. Waombe wauguzi au mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali kikao cha familia. Daktari mzuri humwanza mgonjwa kwa kumuuliza anapenda kujua kiasi gani. Wapo wanaojibu, "Mambo hayo zungumza na mwanangu." Huyo naye aheshimiwe, amechagua mwenyewe.

Wamemwandikia morfini. Shangazi yake anasema hiyo ni dawa ya kumsindikiza.

Hapa naomba unisome polepole, maana watu wengi huumia bure kwa sababu ya maneno ya shangazi.

Nyuma ya kongosho kuna mtandao mnene wa mishipa ya fahamu, na uvimbe ukiugusa, maumivu yake hayasikii panadoli. Morfini ya kunywa, ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa. Inamwezesha kulala, kula vijiko viwili vya uji, kuzungumza na wanawe bila kuuma meno. Inaonekana kama msindikizaji kwa sababu huletwa ikiwa imechelewa: mtu anaachwa agugumie hadi siku tatu za mwisho, ndipo chupa inafika, na lawama inaiangukia chupa. Uraibu wa kuitafuta dawa kwa starehe si jambo la kuhofia kwa mtu anayeitumia kutuliza maumivu ya saratani chini ya uangalizi.

Kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, siyo mpaka alie. Ukisubiri maumivu yapande kwanza, utahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kuhisi kichefuchefu, hivyo hupungua. Choo kuwa kigumu hakupungui, kwa hiyo aandikiwe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ukiona morfini imeandikwa peke yake, ulizeni.

Afrika Mashariki tuna historia nzuri hapa. Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa, ipo tangu 1990. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, ikaenda na morfini ya maji ambayo huchanganywa kwa gharama ndogo, na Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ina huduma hii, na Arusha ipo katika hospitali ya Selian. Ulizeni pia hospitali ya mkoa wenu kabla ya kupanga safari. Maumivu yakigoma kabisa, vituo vikubwa huweza kudunga dawa ya kuzima ule mtandao wa mishipa wenyewe.

Hali chakula. Mama yake analia kwamba tunamwacha afe njaa.

Saratani hii hubadilisha jinsi mwili unavyotumia chakula, hivyo mgonjwa hukonda hata anapokula. Halafu kongosho likishindwa kutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, mafuta hupita bila kusagwa: choo kinaelea, kinang'aa, kinanuka sana, tumbo linaunguruma. Mwambieni daktari, kwa sababu vipo vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, na wengi hawaandikiwi kwa kuwa hakuna aliyetaja habari za choo. Mpikieni kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku, kile anachokitamani. Kama ana kisukari, vipimo vya sukari vifuatwe, lakini huu si wakati wa kumnyima embe kwa sababu mtu amesikia kwamba sukari "inalisha saratani".

Na akigeuza uso pembeni, kijiko kiwekwe chini. Mama apewe kazi nyingine: kumpaka mafuta miguuni, kumlowanisha midomo.

Tumeanzisha kundi la michango. Mmoja anataka apelekwe India, mwingine ameleta majani ya stafeli.

Stafeli kwanza, ni jepesi. Yale majani yameua seli za saratani kwenye vichupa vya maabara; kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba yanaponya. Tunda akilitaka ale. Dawa zilizochemshwa ni suala jingine: ini la mtu mwenye manjano tayari limeelemewa, na baadhi ya mitishamba hugongana na kemo. Msizifiche. Daktari akijua anakunywa nini ni bora kuliko akikisia.

Kuhusu India, usiwe wewe wa kwanza kusema ndiyo wala hapana. Kabla ya kundi kukusanya hata shilingi, mtu mmoja amuulize daktari: tukienda huko, kitafanyika nini ambacho hapa hakifanyiki? Kama jibu ni upasuaji wa kuondoa uvimbe ambao haujasambaa, hiyo ni hoja nzito, na hapo hapo muulize nani hapa nchini anaufanya. Kama jibu ni kemo ile ile iliyopo hapa, mgonjwa atatumia wiki za nguvu zake kwenye viwanja vya ndege na hotelini, mbali na watu wake. Michango inaweza kulipia teksi ya kliniki, vimeng'enya, kimrija cha stenti cha kufungua mfereji wa nyongo, ada ya muhula. Watu huchangia kwa moyo safari kubwa kuliko teksi, najua. Mweka hazina ajue namna ya kuwaeleza.

Kuna jambo la kumkimbiza hospitali usiku?

Homa ya kutetemeka kwa mtu mwenye manjano au mwenye stenti: mfereji huenda umeziba na kupata maambukizi. Usingoje asubuhi. Vilevile mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, kwa sababu saratani hii hugandisha damu. Kutapika kila anachomeza. Kutapika damu au choo cheusi kama lami.

Mimi si ndugu yake. Naona aibu kulia kuliko mkewe.

Kwenye misiba yetu rafiki anajulikana kwa kazi. Ndiye atafunga turubai, atakodi viti, atabeba sufuria, na saa za pole zikifika atakuwa jikoni. Hakuna anayemuuliza kama amelala. Ukijiona umeanza kukwepa kumtembelea, au unakunywa zaidi, au unakasirikia watoto wako bila sababu, huo ni uchungu umeshaanza kabla ya msiba. Tafuta mtu mmoja nje ya familia ile, umwambie bila kupamba. Na usimbebeshe mkewe machozi yako. Yeye ana yake.

Msambazaji wa habari pia asiwe wewe peke yako. Simu arobaini kwa siku za "vipi hali ya jamaa?" zinachosha mfupa.

Nikienda kumwona nibebe nini?

Machungwa anayo, yanaoza chini ya kitanda. Peleka chaja yenye waya mrefu. Peleka losheni isiyo na manukato kwa ajili ya kuwashwa. Peleka mto mmoja mnene, kwa sababu maumivu ya kongosho mara nyingi hupoa mtu akiinama mbele, naye ataukumbatia mkiwa mmekaa. Kisha mwulize matokeo ya Simba na Yanga kana kwamba hukuyaona, na umwache akusimulie mpaka achoke.