Gavana akibadilika, noti zenye sahihi yake hazifi

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu kila mchumi mmoja akitoka kwenye kiti cha ugavana wa benki kuu na kuingia mwingine, eti noti zenye sahihi ya yule wa zamani zinakufa so kimbia kabadilishe fasta. Jamani, hapana.

Gavana anasaini kwa niaba ya ofisi, sio kama ametoa pesa yake mfukoni, na akistaafu au akirudi kufundisha chuo ile noti inabaki na thamani ileile. Cheki euro: noti zilianza kutumika 2002, mpaka leo zina sahihi za marais wanne tofauti wa benki kuu yao na zote bado unanunulia vitu. Hata wewe toa noti chache kwenye waleti uangalie sahihi, unaweza kukuta za magavana wawili tofauti humohumo na muuzaji hajawahi kukuuliza.

Najua confyusheni inatoka wapi. Noti huwa zinaondolewa kweli, India walifanya 2016 kwa rupia 500 na 1000, Kenya 2019 kwa ile elfu moja ya zamani, ila hapo ilitangazwa toleo gani linaondoka, na sahihi ya nani haikuwa ishu kabisa. Tangazo la hivyo utalikuta kwenye tovuti ya benki kuu yenyewe au ukiuliza kaunta ya benki yoyote.

Kwa hiyo ukiipata hiyo meseji usiifowadi, maana anayeumia ni mzee anayeuza noti zake nzima kwa bei ya kutupa kwa mjanja fulani.