Wanaosema "sisi Waafrika tuna homoni nyingi" hata baada ya kukoma hedhi

Husemwa hivyo kwa kujiamini sana, halafu huongezwa "utafiti umeonyesha". Haukuonyesha hivyo.

Kukoma hedhi ni kupitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Ovari huacha kutoa estradioli ya maana, yaani aina kuu ya estrojeni (homoni ya kike), lakini estrojeni haitoweki mwilini. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo hutoa androjeni (homoni za kiume, ambazo wanawake nao wanazo), na mafuta ya mwili huzigeuza kuwa estroni, aina nyingine ya estrojeni. Ndiyo maana mama mnene wa miaka 60 kwa kawaida ana estrojeni nyingi kuliko mwembamba wa rika lake.

Sasa hizo tofauti za kimakabila. Utafiti unaotajwa sana ni wa Marekani, uitwao SWAN, ulioanza miaka ya 1990 na wanawake 3,302 waliokuwa bado hawajakoma hedhi: Weupe, Weusi, Walatino, Wachina na Wajapani, wote wakazi wa huko. Mwingine, wa Hawaii na Los Angeles, ulikuwa na wenyeji wa Hawaii pia. Wastani wa homoni wa makundi ulitofautiana, ni kweli. Ila uzito wa mwili ulipoingizwa kwenye hesabu, baadhi ya tofauti zilinywea, nyingine zikabaki.

Linaloniudhi ni safari ya huo wastani hadi Kwale na Moshi. "Mweusi" wa SWAN ni Mmarekani aliyejitaja hivyo mwenyewe kwenye fomu, na wengi wao ni uzao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na Kati. Mama wa Kidigo hakupimwa. Isitoshe, watu huchanganya mambo mawili: SWAN iliona kwamba joto la ghafla na jasho la usiku liliwasumbua wanawake Weusi kwa takribani miaka 10 na Wajapani karibu 5. Hiyo ni dalili, si kiasi cha homoni kwenye damu, na msongo wa mawazo nao ulihusishwa na kuirefusha.

Tazama karatasi ya maabara penye estradioli. Kwa kawaida utakuta viwango vya awamu za mzunguko wa hedhi, kisha vya "baada ya kukoma hedhi". Kabila halimo.

Kwa hiyo, dada yangu, ukiirudia habari hii kikundini, sema "wastani wa wanawake Weusi wa Marekani", na uzito usiusahau.