Je, mfupa wa kutengeneza ni mfupa wa mnyama?

"Daktari, mnataka kunitia mfupa wa sungura?" Aliyeniuliza ni mzee wa Pemba aliyeanguka mkarafuuni msimu wa vuno, pingili mbili za kiunoni zikawa hazitulii. Alisikia kwamba vipandikizi vya mfupa hujaribiwa kwanza kwa wanyama, akadhani mnyama mwenyewe ndiye anayetiwa mgongoni. Wasiwasi wake ni wa haki, na si yeye peke yake aliye nao.

Tunapounganisha pingili za uti wa mgongo, skrubu na vyuma kazi yao ni kushikilia tu. Kinachounga ni mfupa mpya unaoota baina ya pingili na pingili, na usipoota, vyuma mwishowe hulegea au hukatika. Kwa miaka mingi mfupa wa kupandikiza umekuwa ukichotwa nyongani kwa mgonjwa mwenyewe. Huo ni mzuri kwa kuwa una chembe hai, lakini hauchoteki bila kikomo, na wapo ambao nyonga huwauma muda mrefu baada ya upasuaji.

Mfupa wa kutengeneza mara nyingi ni madini ya kalsiamu na fosfeti, jamii ya yale yaliyomo mifupani mwetu, yenye vitundu ili mishipa ya damu ipenye. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji picha kulielewa hili. Litazame tumbawe lolote, utaviona vitundu vyake. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walieleza namna ya kuyageuza matumbawe, kwa joto na mgandamizo, yakawa haidroksiapatiti, ambayo ni madini ya mfupa, huku vitundu vikibaki kama vilivyokuwa.

Lakini kufanana na mfupa si kuunga. Mwaka 1995 Boden, daktari wa mifupa wa Marekani, na wenzake walieleza jaribio la sungura ambalo mpaka leo ni kipimo kinachotumika sana: pingili mbili za kiuno huparuzwa kando, kipandikizi huwekwa, na baada ya wiki kadhaa mnyama huuawa na mgongo wake huchunguzwa. Waliowekewa mfupa wao wenyewe waliunga karibu theluthi mbili tu. Kiwango hicho ndicho kinacholifanya jaribio kuwa na maana, kwani kama wote wangeunga, kipandikizi kibovu nacho kingeonekana kizuri.

Hapa ndipo nawasihi wasomaji wawe makini. Madini haya ni meupe kwenye eksirei, sawa na mfupa. Picha inaweza kuonyesha daraja zuri jeupe baina ya pingili, kumbe ni vichembe vilevile tulivyoviweka, havijashikana na kitu. Kwa hiyo mtafiti hukamata pingili kwa vidole na kuzikunja aone kama zinacheza, kisha hukata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Mtu akikuonyesha eksirei peke yake, muulize kama pingili zilikunjwa.

Kinachofaulu kwa sungura hupelekwa kwa mnyama mkubwa, mara nyingi kondoo. Hata hapo safari haijesha, maana mfupa wa sungura huota haraka kuliko wetu. Protini ya kuotesha mfupa iitwayo BMP ilihitaji dozi kubwa zaidi kila ilipopanda kutoka wanyama wadogo kwenda nyani na binadamu.

Wanyama hawa wana haki zao. Tangu wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch walipoandika mwaka 1959, watafiti wanatakiwa watumie njia isiyo na mnyama inapowezekana, wapunguze idadi, na wapunguze maumivu.

Kuhusu dini, madini yaliyotengenezwa maabara hayana mfupa wa mnyama ndani yake. Hata hivyo vipo vipandikizi vinavyotokana na ng'ombe, na vingine huchanganywa na kolajeni, yaani protini ya mifupa na ngozi, ya mnyama. Ni haki yako kuuliza chako kimetoka wapi, na daktari akujibu.

Sungura wametufundisha jambo jingine. Katika jaribio jingine la mwaka huohuo wa 1995, hakuna hata mmoja kati ya waliopewa nikotini, ile kemikali ya tumbaku, aliyeunga, ilhali zaidi ya nusu ya wenzao waliunga. Basi kabla hatujazungumza kipandikizi gani kinamfaa, nilimuuliza mzee wangu anavuta sigara ngapi kwa siku, na kama tambuu yake anaitia tumbaku.