Amepona, lakini uvimbe huu umetoka wapi?

"Daktari, si mlituambia amepona?" Mzazi anayeniuliza hivi mwanawe alitibiwa saratani ya damu utotoni. Sasa ni kijana, na kipimo cha kichwa kimeonyesha uvimbe. Namjibu: alipona kweli. Lukemia, yaani ile saratani ya damu, haijarudi. Hii ni saratani nyingine, na mara nyingi chanzo chake ni tiba ileile iliyomwokoa. Hakuna jibu linaloniwia gumu kulitamka kama hilo.

Mionzi huua seli za saratani kwa kukatakata DNA yake, na seli nzima za jirani nazo huguswa. Nyingi hujitengeneza au hufa, ila chache huishi na kasoro hiyo kwa miaka. Zamani lukemia ilijificha kwenye ubongo, mahali ambapo dawa za mshipani hazifiki vizuri. Katika miaka ya 1960 daktari Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya watoto ya St. Jude, Memphis, Marekani, wakaongeza mionzi ya kichwa, greyi 24 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi), na karibu nusu ya watoto wakapona. Kabla ya hapo karibu wote walikufa, kwa hiyo siwalaumu hata kidogo. Gharama ilionekana baadaye: glioma, uvimbe wa ubongo wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka 10 hivi, na meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, hata baada ya 20. Waliopigwa mionzi wakiwa wadogo sana ndio walio hatarini zaidi.

Katika awamu moja ya matibabu hapohapo St. Jude, watoto 6 kati ya 52 waliopata mionzi ya kichwa waliota uvimbe wa ubongo. Mionzi hiyo ilikuwa imeambatana na dawa kali, na baadhi yao walizaliwa na upungufu wa TPMT, kimeng'enya kinachovunja merkaptopurini, mojawapo ya dawa hizo. Leo watoto wengi hawapewi mionzi hiyo kabisa. Huchomwa dawa kwenye maji ya uti wa mgongo.

Etoposidi, dawa nyingine ya saratani, ina tabia yake. Yenyewe huweza kuleta lukemia ya aina nyingine ndani ya miaka michache tu, hasa ikitolewa kila wiki au mara mbili kwa wiki.

Wengi waliopona hawatapata saratani ya pili. Lakini mtoto aliyetibiwa akiwa na miaka 4 hakumbuki alichopewa, na mafaili hupotea. Mzazi, kabla hamjaagana na kliniki, omba karatasi yenye majina ya dawa, jumla ya dozi, greyi za mionzi na sehemu ya mwili iliyopigwa. Siku akija kwangu na kichwa kinachomuuma wiki ya tatu, hiyo ndiyo nitakayoisoma kwanza.