Mvuke unaotoroka kiwandani

Mgeni akifika kwenye kiwanda cha petrokemikali, macho humwenda kwenye mwenge wa gesi unaowaka juu ya mnara. Kazi yangu mimi, ya kusaka uvujaji, iko chini, kwenye mabomba. Kiwanda kikubwa kina maelfu kwa maelfu ya vali, pampu na maungio, na kila palipozibwa kwa gasketi au pakingi panaweza kuvuja.

Kinachovuja ni misombo tete ya kikaboni: benzini, toluini, ethilini, butadini na jamaa zao. Hugeuka mvuke upesi na mingi haina rangi. Benzini husababisha saratani ya damu. Ethilini sumu yake si kali hivyo, lakini ikikutana juani na oksidi za nitrojeni huzaa ozoni, nayo ikiwa hapa chini tunapovuta pumzi huwasha mapafu.

Kuusaka uvujaji kunataka subira. Ncha ya kifaa cha kupimia gesi unaiweka pale shina la vali linapoingilia kwenye pakingi, unaizungusha polepole, na namba ikianza kupanda unatulia hapohapo mpaka ifike kileleni. Ukikimbiza mkono, gesi haiwahi kufika kwenye kifaa na utaandika kwamba vali ni nzima. Vali nyingi kweli ni nzima. Chache tu ndizo zinazomwaga sehemu kubwa ya uchafu wote. Kamera za infraredi huzikamata hizo haraka, ingawa uvujaji mdogo huzipita.

Kinachonikera ni hesabu za ofisini. Aghalabu kiasi kinachoripotiwa hakikupimwa: idadi ya vali imezidishwa kwa kigezo, yaani wastani unaokadiriwa kuvuja kwenye vali moja, basi. Mwenge nao hudhaniwa kuteketeza 98% ya gesi, hata siku ya upepo mkali. Mwaka 2000 ndege za utafiti zilipima hewa ya eneo la Houston, Marekani, na ethilini na propilini zilizotoka kwenye viwanda zikaonekana kuzidi makadirio rasmi mara kumi na zaidi.

Ndiyo maana naamini zaidi vipimo vya uzioni. Kanuni ya Marekani ya 2015 inavitaka viwanda vya kusafisha mafuta viweke mirija ya kunasa benzini kuzunguka uzio, ikusanywe kila wiki mbili. Huchukuliwa tofauti kati ya mrija ulionasa nyingi zaidi na ulionasa kidogo zaidi. Wastani wake wa mwaka ukipita mikrogramu 9 kwa mita ya ujazo, kiwanda lazima kitafute chanzo na kukirekebisha. Mimi ningeanzia kwenye matangi yenye paa linaloelea juu ya mafuta, kukagua sili za pembeni, yaani vizibo vya mwanya kati ya paa na ukuta wa tangi.